Linki ya leza inazimwa na ukungu, theluji inaiacha, kwa nini?

fundi_wa_paa: Habari zenu wakuu. Niko Minneapolis, kazini tuna linki ya leza (inarusha data kwa mwali wa mwanga hewani) kati ya mapaa mawili, kama mita 600 hivi. Kiangazi chote ilitulia. Sasa juzi theluji imemwagika mchana kutwa, linki ikawa inakatika sekunde inarudi, lakini leo asubuhi upepo hakuna, theluji hakuna, ukungu tu, imezima masaa matatu! Nilijua adui ni theluji. Au mashine imekufa?

kijana_wa_faiba: Mashine nzima hiyo mkuu. Angalia ukubwa wa vitone. Vya ukungu ni maikromita chache tu, vinakaribiana na urefu wa wimbi la leza lenyewe (maikromita 0.85 au 1.55), kwa hiyo vinatawanya mwanga vibaya na viko vingi mno. Chembe ya theluji ni milimita kadhaa, inapita mbele ya mwali, inaziba, inaondoka, ndo kule kukatika na kurudi. Fanya hesabu hii: 17 gawanya kwa umbali unaoweza kuona, kwa kilomita. Ukiona mita 200 tu unapata desibeli (kipimo cha mwanga unaopotea) 85 kwa kilomita, kwa mita zako 600 ni kama 51, yaani haifiki hata sehemu moja ya laki ya mwanga uliotuma. Na usidanganywe ununue ya 1.55 ukidhani itapenya, ukungu ukiwa mzito hivyo zote sawa.

mama_antena: Kaka, na kioo umekiangalia? Mimi niko Graz, Austria, mji uko kwenye bonde, ukungu wa Novemba tunaujua. Siku moja nilipanda alfajiri na tochi nikakuta kioo kimeota barafu nyembamba kama sukari, hita ya ndani ilishaungua na hakuna aliyejua. Kaza na bolti za mlingoti, chuma kinasinyaa kwa baridi, mwali unahama kidogo kidogo mpaka unakosa shabaha.

fundi_wa_paa: Hita nitaicheki leo leo, asante dada. Sasa ukungu wenyewe nafanyaje?

kijana_wa_faiba: Funga redio ya 80 GHz pembeni, rauta ihamie yenyewe leza ikizima. Redio hiyo ukungu haiisumbui sana, inaumia kwa mvua kubwa, na mvua kubwa na ukungu mzito ni nadra kuja pamoja. Spidi itashuka lakini watu hawatakupigia simu.