Mliokutana na wachoraji wa komiki ana kwa ana, walikuwaje kwenu?

Otaku_wa_Ntinda:

Wadau habarini. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu wikendi na sina wa kumwambia, maana nyumbani wanaona katuni ni mambo ya watoto. Kulikuwa na tamasha la komiki na kosplei (ile ya kuvaa kama wahusika) hapa Kampala, jina lake sitaji, na mmoja wa wageni alikuwa mchoraji toka nje ambaye kazi zake nimezifuata tangu sekondari, nilikuwa nazinakili kwenye daftari la hesabu mpaka mwalimu akalichukua. Nikawahi asubuhi, nikapanga laini, kitabu nimekifunga kwenye kavera kwa sababu mvua ilikuwa inatishia. Kufika mezani jamaa hakuinua hata macho. Alitia saini huku anapiga stori na mwenzake, akakisukuma kitabu upande wangu, nikamwambia kazi yako ndo ilifanya nianze kuchora, kimya, akamwita wa nyuma yangu. Kijana wake ndo akanionyesha karatasi ya bei za skechi, kwa dola, ile ya chini kabisa inapita kodi ninayolipa kwa mwezi.

Alafu siku hiyohiyo, kule nyuma karibu na vyoo ambako hakuna mtu anataka kuwekewa meza, kulikuwa na dada mmoja wa hapahapa anauza stika na kakomiki kembamba ka kurasa chache. Nikanunua stika moja tu, akaniuliza, we pia unachora? Maana aliona wino kwenye vidole vyangu. Akanikalisha kwenye kiti chake, yeye akasimama, akapitia daftari langu ukurasa kwa ukurasa, akaniambia mikono ya watu wangu imelegea kama glavu tupu kwa sababu naanza na vidole. Akasema anza na kiganja, kichore kama boksi, alafu kidole gumba, vile vingine vinne vichore kwanza kama kitu kimoja ndo uje uvigawe. Akanichorea pembeni nione. Hela hakutaka.

Sasa nawauliza nyinyi mliotangulia. Mlikutana na wachoraji, wazuri na wabaya, wakawatendea vipi? Na shabiki akifika pale mezani ana haki ya kutegemea nini? Rafiki zangu wanasema nimelipia saini nikapata saini, basi. Mi sikubali, ila nataka kuwasikia.

Kalamu_ya_Arua:

Pole sana ndugu yangu. Mi nasema hivi, mtu asiyetaka watu asikae kwenye meza ya watu. Steve Ditko, yule aliyemuunda Spider-Man pamoja na Stan Lee, alikataa mahojiano na kamera kwa miaka na miaka mpaka akafariki 2018, alitaka kazi yake iongee peke yake. Hio naiheshimu kabisa, hakumdanganya mtu. Lakini we umeitwa, umelipiwa ndege na hoteli, watu wamepanda takisi toka Mukono, wengine toka Jinja waje wakuone, alafu hata salamu hakuna? Hapana bana.

Mama_Busia:

Mimi mwenyewe si mtu wa komiki, watoto ndo wagonjwa wa hayo mambo. Enzi zetu ilikuwa Juha Kalulu wa mzee Gitau kwenye Taifa Leo, gazeti lilikuwa linavuka mpaka hapa Busia na wafanyabiashara, baba akishamaliza kusoma ndo tunagombania ukurasa ule, hata siku mbili gazeti limechelewa hatukujali.

Nilipeleka watoto Nairobi kwenye tamasha kama hilo lenu. Kijana wangu wa kati ana kigugumizi, na alikuwa amejiandalia swali la kumuuliza mchoraji mmoja, tumelisikia kwenye basi njia nzima. Tulipofika mezani laini ilikuwa ndefu na watu wanaguna nyuma yetu. Yule baba akaweka kalamu chini, akamtazama mtoto, hakummalizia neno hata moja, akasubiri mpaka swali likaisha, na lilichukua muda kweli. Swali lenyewe ni kwa nini yule mbwa kwenye kitabu chako ana doa kwenye jicho la kulia mwanzoni na mwishoni liko kushoto. Akafungua kitabu, akatafuta, akacheka kwa furaha akamwita mwenzake wa meza ya pili aje aone, akasema kitabu kimesomwa na watu wengi na huyu ndo wa kwanza kuliona hilo. Akamchorea yule mbwa, doa kila jicho.

Kwa hiyo mwanangu Otaku usivunjike moyo, watu wa namna hio wapo. Na yule dada wa karibu na vyoo mwaka mwingine mnunulie na komiki yake, usiishie kwenye stika.

Mwana_Boyoma:

Salamu kwa wote. Mimi ni wa Kisangani, kwa sasa naishi Kampala. Kwetu sisi BD, yaani komiki kwa Kifaransa, ni kitu kikubwa, Barly Baruti alizaliwa Kisangani mwaka 1959, akafika mpaka Ulaya na kazi yake, kila mtoto anayechora kwetu anamjua huyo.

Nataka kusema tu kwamba desturi hazifanani. Kule Ufaransa kuna tamasha la Angoulême, lilianza 1974, na pale na hata Ubelgiji mazoea ni kwamba ukinunua albamu, yaani kitabu cha komiki, kwenye stendi ya mchapishaji, mchoraji wake anakuchorea picha kwenye kurasa za mbele bila kukutoza kitu. Picha kweli, si saini peke yake. Marekani si hivo, kule mchoraji anakaa kwenye meza yake kama mfanyabiashara na mchoro una bei. Kwa hiyo inawezekana huyo mgeni hakuona shida kukuonyesha karatasi ya bei, kwao ni kawaida. Ila hio bure ya Ufaransa nayo ina machozi ndani yake, mchoraji anainama siku nzima anachora bila kulipwa alafu wengine waliompangia laini wanaenda kuuza ile albamu kwa sababu ina mchoro wake. Bei mi naielewa. Kutomjibu mtu anayekuambia asante, hapo desturi ya nchi yoyote haimtetei.

Inki_Nasser_Road:

Niruhusuni niongee kama mtu anayekaa upande ule mwingine wa meza.

Meza tunalipia, watu wengi hawajui. Printi nachapisha Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, na karatasi nzuri si bei ya vipeperushi vya siasa, kwa hiyo asubuhi mlango unafunguliwa na mi nina deni tayari. Alafu siku inaanza. Wanakuja vijana wanapiga picha mchoro wako kwa simu, hawasalimii, hawanunui, wiki chache baadaye unaukuta mjini kwenye tisheti na jina lako limefutwa pale kwenye kona. Anakuja mwingine anasema nichoree tu haraka, dakika tano, si ni kipaji umepewa na Mungu. Anakuja wa tatu anapunguza bei ya printi mpaka inashuka chini ya pesa niliyoitolea mashineni. Ikifika saa kumi kidole gumba kimekaza, mgongo umekaza, na hujala kwa sababu ukiondoka mezani ndo mnunuzi wa kweli anapita. Hapo mtu anaweza kukunja uso na asijue amekunja.

Na kuna kundi lingine kabisa, hao ndo wamewaharibia. Anakuja mtu na begi limejaa nakala za kitabu kimoja, anataka saini tu, anakataa usiandike jina lake. Huyo si shabiki. Marekani kuna kampuni inaitwa CGC, ilianza mwaka 2000, inapima komiki imetunzwa vipi, inaipa alama na kuifungia kwenye plastiki ngumu, na ikiwa na saini iliyoshuhudiwa bei inaruka. Ndo maana wachoraji wengi siku hizi wana bei mbili, ya mtu anayetaka kitabu chake cha nyumbani na ya yule anayeenda kukifungia. Bill Watterson, yule wa katuni ya magazetini Calvin and Hobbes, alikuwa anatia saini vitabu kimyakimya na kuviacha kwenye duka dogo la vitabu la mji wake, Chagrin Falls kule Ohio, ukinunua ukakuta saini ndani ni bahati yako. Alipogundua watu wanaviuza mtandaoni kwa pesa nyingi akaacha. Watu wenye tamaa wakatunyima wote.

Jambo lingine ambalo mashabiki hawalioni, Marekani wachoraji wengi wa zamani walilipwa kwa ukurasa, ukurasa ukiisha na mshahara umeisha, hakuna pensheni hakuna bima. Wahusika waliowachora sasa wanaingiza mabilioni kwenye sinema na wao hawana hela ya hospitali, mpaka kuna shirika la Hero Initiative kazi yake ni kuwasaidia walioishiwa au kuugua. Kwa mzee kama huyo saini ya kulipia ni dawa. Msimwonee gere.

Baada ya kusema hayo yote, bado nasimama na Otaku. Hakuna mkono unaouma mpaka shingo ikashindwa kuinuka. Mtu akikuambia umemfanya aanze kuchora, ile ndo sababu ya wewe kuwepo pale, hata kama umechoka unamtazama, unamuuliza jina lake. Haichukui muda. Mi mezani kwangu nimeandika kwa herufi kubwa nini ni bure na nini kinalipiwa, watoto wa shule nawachorea kwenye kadi ndogo mpaka saa sita mchana, baada ya hapo kila mtu analipia, na bei iko kwa shilingi ili mtu asiaibike kuuliza. Tangu nianze hivo sijagombana na mtu.

Panda_wa_Mbale:

Hakuna aliyemtaja George Pérez??

Jamani huyo alichora Avengers, Teen Titans, Wonder Woman, zile kurasa zilizojaa watu mpaka kwenye kona na kila mmoja ana uso wake. Mwishoni mwa 2021 alitangaza mwenyewe ana saratani ya kongosho, haiwezi kupasuliwa, na kwamba ameamua kutotibiwa, amepewa makadirio ya miezi sita mpaka mwaka. Na kwenye tangazo hilohilo akasema anatamani kujitokeza mara moja ya mwisho apigwe picha na mashabiki wengi kadiri itakavyowezekana, kwa sharti kwamba atamkumbatia kila mmoja wao. Yaani mtu anahesabu siku zake na anafikiria laini ya mashabiki. Alifariki Mei 2022. Na alikuwa kwenye bodi ya hio hio Hero Initiative aliyoitaja Inki, kwa hiyo shida za wachoraji alizijua kuliko sisi wote, na bado hakuzitumia kama sababu ya kununa.

Mimi sikuwahi kumwona, nimeishia kusoma tu. Ila nikisikia mtu anasema fulani ni mkubwa sana hana muda wa kusalimia watu, huyo ndo jibu langu.

Kalamu_ya_Arua:

Panda umenigusa. Hapa kwetu nitamtaja Jimmy Spire Ssentongo, mchora katuni wa gazeti la The Observer na ni mhadhiri pia. Aprili 2023 aliwaita watu waweke mtandaoni picha za mashimo ya barabara za Kampala, akayafanya maonyesho, kila mtu na shimo lake la mtaani, mpaka ikawa habari ya nchi nzima na pesa ya kuyaziba ikaagizwa. Hapakuwa na meza wala laini, ila mtu wa kawaida alihisi anafanya kazi pamoja na mchoraji. Hio nayo nahesabu kama kukutana.

Otaku_wa_Ntinda:

Asanteni sana kila mmoja, Mama Busia nimekusikia, komiki yake nitanunua. Suala la bei nimelielewa sasa, Boyoma na Inki mmenifungua, sina tena kinyongo na ile karatasi. Ile ya kutoitikiwa bado inauma na nadhani ni sawa iume. Kitabu chake nimekirudisha kwenye shelfu, bado nakipenda, sijui kama hio inawatokea na nyinyi.

Inki, kama hutojali, nikija kwenye meza yako au ya mwingine nataka kuonyeshwa makosa yangu kama alivyofanya yule dada, nije na nini? Na nikuombe saa ngapi nisikuharibie biashara?

Inki_Nasser_Road:

Njoo mapema kabla watu hawajajaa, au ile saa ya mwisho watu wanapofungasha. Ukiona kuna mteja mezani simama pembeni, usiweke begi juu ya printi. Omba kwanza kabla hujapiga picha. Hivyo tu, na mchoraji yeyote mwenye roho atakupa muda.

Sasa michoro yenyewe. Usije na picha mojamoja za shujaa amesimama na misuli, kila kijana analeta hizo na hazituambii kama unaweza kusimulia. Lete kurasa tatu nne zinazofuatana, stori ndogo ya kawaida, mfano mama ameshuka kwenye boda pale Wandegeya, mvua imeanza, anagundua simu imebaki kwa dereva. Mtu aipitie bila maneno na ajue nini kimetokea, nani yuko wapi, na kwa nini mama amepiga kelele. Mhariri akikaa na wewe hicho ndo anakiangalia, na hapo ndo utaona mikono inavyokusumbua maana simu, helmeti na mwavuli vyote vinashikwa. Leta fotokopi, orijino ziache nyumbani, na nyuma ya kila karatasi andika jina na namba yako. Nimekutumia ujumbe inboksi, mimi Jumamosi mchana niko dukani.