Msaada: Bawa la upepo la kupanda na kushuka, nibadilishe umbo gani lizalishe umeme zaidi?

Fundi_Nala
Wakuu, za majukumu. Niko Nala, nje kidogo ya Dodoma mjini, na kiangazi hiki upepo wa kusini mashariki unatupeleka puta. Nimeunda mtambo usio wa pangaboi: bawa moja limelala, linapanda na kushuka kwenye fremu ya chuma, likifika mwisho linageuza pembe. Mkono unazungusha kranki, flaiwili na jenereta ndogo. Bawa ni plaiwudi bapa, urefu mita 1.5, upana sm 50. Upepo ukikaza linachapa kazi, ukilegea linakwama. Mmoja ananiambia nilipinde mgongo kama bawa la ndege, mwingine niweke mkia wa mpira. Nifuate lipi? Tafadhali msiniambie ninunue sola.

Mzee wa Zuzu
Nunua sola.

kipanga_255
Mzee umeanza 😂

Mkuu, mgongo achana nao. Bawa la ndege linainuliwa upande mmoja tu. Lako linasukumwa juu, kisha chini. Ukilipinda, utakachopata likipanda utakilipa likishuka. Tumia umbo lenye pande mbili sawa, kama lile la mabawa liitwalo NACA 0015: unene ni asilimia 15 ya upana, kwako sm 7.5, na sehemu nene kabisa iwe kama sm 15 kutoka ukingo wa mbele. Mbele duara, nyuma ichongoke. Mbao za mbavu, juu yake bati jepesi, basi.

Ila umbo si mchawi peke yake. Wazo hili McKinney na DeLaurier wa Kanada walilipima tangu 1981, na mwaka 2008 Kinsey na Dumas wa Quebec walipata ufanisi wa asilimia 34 ya nguvu ya upepo kwenye hesabu za kompyuta, kwa NACA 0015 hiyohiyo. Kilichowapa matokeo ni kugeuza pembe kwa wakati wake: bawa linainama kama digrii 75 likiwa katikati ya safari, na linalala sambamba na upepo likifika juu au chini kabisa. Egemeo lao, pale bawa linapogeukia, lilikuwa theluthi moja ya upana kutoka mbele. Lako liko wapi?

Fundi_Nala
Katikati kabisa. Na pembe inaishia kama digrii 40.

kipanga_255
Hapo ndipo pa kuanzia. Kwa mwendo ule wa Kinsey na Dumas, pembe ikiwa ndogo kiasi hicho, bawa likishika kasi halioni tena upepo wa kulisukuma. Pembe ikiwa kubwa, kisulisuli kinazaliwa ukingo wa mbele, kinateleza mgongoni kikivuta bawa, na kikifika nyuma wakati wa kugeuka kinasaidia hata kuligeuza. Kikiachia mapema, umekula hasara.

Kasi nayo: zidisha mwendo wa upepo kwa 0.14, gawa kwa upana wa bawa kwa mita. Upepo wa mita 5 kwa sekunde unakupa mizunguko 1.4 kwa sekunde, yaani 84 kwa dakika. Rekebisha mzigo wa jenereta uikaribie.

Binti Kongwe
Kaka, na matarajio uyashushe. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Upepo wa mita 5 unabeba wati 67 hivi kwa mita ya mraba. Bawa lako likifagia mita 2 za mraba, ukipata theluthi ni wati 40 na kitu, kabla beringi na kranki hazijala chao. Simu na taa, sawa. Friji, sahau.

Fundi_Nala
Taa za banda la kuku tu, dada. Na mkia wa mpira je?

kipanga_255
Ukilegea sana unakubaliana na upepo badala ya kuukataa. Badala yake jaribu kipande chembamba cha bati kilichosimama wima kwenye ukingo wa nyuma, mm 5 hadi 10. Dan Gurney alikifunga kwenye gari la mashindano mwaka 1971. Wewe kiweke pande zote mbili, kama herufi T, kwa sababu bawa lako linafanya kazi kuwili. Kifunge kwa skrubu, usichomelee, ili ukipunguze kikizidi kuburuta. Lakini hamisha egemeo kwanza, vinginevyo hutajua kipi kimekusaidia.

Mzee wa Zuzu
Na ufunge breki, kijana. Kuku wangu wawili hawajasahau pangaboi la jirani.