Kiti cha ganda la bomu sebuleni: ni sanaa au kujitafutia mikosi?

Chalii wa Sakina: Wakuu, nimekuta picha za kazi za Mati Karmin, mchongaji wa Estonia. Anachukua maganda ya mabomu ya baharini ambayo Wasovieti waliyaacha kisiwa cha Naissaar, anayageuza viti, meza, hadi bafu la kuogea. Hapa Arusha mafundi tunao, watalii tunao. Vyuma chakavu vya jeshi viende kuyeyushwa kwa nini?

Mama Ngaramtoni: Bomu sebuleni? Mbagala 2009, Gongo la Mboto 2011, maghala ya mabomu ya jeshi yalilipuka, dada yangu alikimbia na mtoto mgongoni, miguu peku. Kaeni nalo nyie.

Chalii wa Sakina: Mama shikamoo. Lile ni ganda tu, baruti ilishachomwa zamani.

Mama Ngaramtoni: Marahaba. Na watoto wa shule kule Ngara 2017, waliookota bomu wakidhani ni chuma cha kuuza, nani aliwaambia ni ganda? Ukitangaza vyuma vya jeshi vina soko, watoto wa mitaani ndio watakaoingia maporini kuviokota.

Meku wa Soweto: Msumbiji walilianza hili 1995. Kupitia Baraza la Kikristo, unaleta bunduki unapewa jembe, baiskeli au cherehani. Msanii Kester akaunda kiti cha enzi kwa bunduki hizo 2001, kipo British Museum, London. Mgongo wake ni vitako viwili vya bunduki za G3. Ukivitazama vizuri, matundu yake yana sura ya mtu anayecheka. Ila kwa fundi wa Arusha hapana. Geti langu lilichomelewa hapo mtaa wa Unga Limited, masika moja tu bawaba chini.

Fundi Grenda: Meku, taja ukweli. Ulileta bomba za milimita moja, ukakataa kulipia rangi ya kuzuia kutu, leo unamsema fundi?

Meku wa Soweto: Kwani wewe ndiye uliyelichomelea?

Fundi Grenda: Sijakutaja. Nawajua wateja wa Moshi: nusu bei, na soda juu.

Kibosho Juu: Moshi imeingiaje hapa? Sisi mwanajeshi wetu yupo kwenye kipilefti ya Askari, kasimama wima, hajaombwa akaliwe.

Chalii wa Sakina: 😂 Jamani, mada ni fenicha.

Mama Ngaramtoni: Mada ni watoto. Hakuna aliyenijibu.

Fundi Grenda: Mama, mimi mwenyewe sikati chuma nisichokijua. Kijana alishaniletea silinda imezibwa, imeshika kutu, inalia ndani ukiitikisa. Nilimrudisha nayo hadi barabarani, grenda nikazima kabisa. Ila la geti sijamaliza. Bawaba haifi kwa masika moja, labda mtu anagonga na gari.

Meku wa Soweto: Nagonga mimi?!

Kibosho Juu: Meku, tukio la Krismasi nisiliseme?

Meku wa Soweto: Ilikuwa mara moja. Fundi, geti la mita tatu, bomba nene, na rangi yako hiyo, bei gani?