Re: Nimeachwa KIA kisa joto, na 261 wananizungusha

Mama Junior, Bremen (kwa sasa niko Moshi)
Wapendwa, shikamooni wakubwa. Naomba msaada wa haraka. Jumamosi nilikuwa niondoke KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, saa nane mchana. Nimeshapima mizigo, nimeshapewa kiti, mara dada wa kaunta anatuita watu tisa pembeni: joto limezidi, ndege nzito, ninyi mtaondoka keshokutwa. Joto! Mimi mtoto wa Majengo, nimelala chini ya bati Februari zote za utoto wangu, leo ndiyo naambiwa joto linashusha mtu kwenye ndege. Hiyo keshokutwa yenyewe imesogezwa tena. Fomu ya 261, ile sheria ya Ulaya ya fidia kwa abiria wa ndege, nimejaza kwa simu, jibu mistari miwili: "hali zisizo za kawaida", hatulipi. Na Jumatano nina miadi Ausländerbehörde, ofisi ya wageni ya Ujerumani, ya kuongeza kibali cha kuishi, niliisubiri miezi minne. Niwapelekee karatasi gani wanielewe?

Mangi wa Leicester
Pole sana dada. Yangu ilikuwa begi. Lilibaki KIA siku sita, ndani kuna parachichi kumi na mbili na unga wa ulezi. Siku ya kulichukua, yule kijana wa ofisini alilisukuma kwa mguu. PIR, ile fomu ya kuripoti begi halijafika, nilijaza palepale, nikajiona mjanja. Barua ya madai nikaandika siku ya 25. Mkataba wa Montreal wa safari za ndege unasema siku 21 tangu ulipokabidhiwa begi. Sikupata hata senti. Halafu 261 sahau, hiyo ni ya kutoka Ulaya tu, siyo ya kutoka kwetu.

Dada wa Kibosho, Utrecht
Mangi, usipotoshe watu. Kutoka KIA kwenda Ulaya 261 inafanya kazi kama shirika ni la Ulaya. Isipofanya kazi ni pale shirika likiwa la nje ya Ulaya. Mama Junior, ni la Ulaya?

Mama Junior
La Ulaya, ndiyo.

Fundi Mstaafu, Houston
Binti yangu, huyo wa kaunta hakukudanganya. Hewa ikipata moto inakuwa nyepesi, bawa linakosa cha kushika na injini nayo inapungua nguvu. KIA iko kama mita 890 juu ya bahari. Weka joto la nyuzi 33, kwa hesabu yangu ya haraka ndege inaona kana kwamba iko mita 1,750 hivi. Yaani umekaa pale bondeni lakini hewa ni ya kulikaribia geti la Marangu. Barabara ya kurukia ndege ya KIA ni ndefu, kilomita 3.6, ila ndege ya Ulaya ina mafuta ya usiku kucha. Rubani anafungua jedwali: joto hili, mwinuko huu, uzito mwisho hapa. Kinachozidi kinashuka. Kwanza shehena, halafu mabegi, halafu watu. Wengine hupunguza mafuta wakatua Zanzibar kujaza, usawa wa bahari.

Phoenix, huku Marekani, Juni 2017, ndege zaidi ya 40 zilifutwa kwa sababu jedwali la zile ndogo liliishia nyuzi 48 hivi. Zile kubwa, jedwali lao likifika 52, ziliruka. Joto la Februari tulikuwa nalo tangu zamani, sikatai. Hii dunia inayopata moto inaongeza nyuzi moja mbili juu yake, na hizo ndizo zinazokuvusha mstari.

Mangi wa Leicester
Mimi joto siogopi, naogopa mitikisiko. Chuo Kikuu cha Reading hapa Uingereza wamepima: ile mikali ya anga safi, isiyo na wingu la kukuonya, imeongezeka asilimia 55 kati ya 1979 na 2020.

Dada wa Kibosho, Utrecht
Hiyo ni juu ya Atlantiki ya kaskazini, Mangi. Wewe kwenda Moshi unapita Atlantiki ipi?

Turudi. Mama Junior, wewe hukufutiwa ndege, UMENYIMWA KUPANDA. Ni vifungu viwili tofauti. Mahakama ya Ulaya kule Luxembourg ilishasema 2012 kwamba aliyenyimwa kupanda hajibiwi kwa "hali zisizo za kawaida". Watarudi na neno "usalama", hapo ndipo ugomvi. Na jamani, kitu kinachokuja kila Februari kinakuwaje si cha kawaida? Fidia yako ni yuro 600, KIA hadi kwenu inapita kilomita 3,500 mbali kabisa. LBA, mamlaka ya anga ya Ujerumani, waandikie, lakini hawakukusanyii hela. Muhimu: ulisaini karatasi yoyote pale kaunta? Ukisaini kwamba umekubali mwenyewe kubaki, umekwisha.

Kijana wa Ngarenaro, Calgary
Ndiyo maana tunasema uwanja wa Kisongo, Arusha, upanuliwe, tuachane na KIA ya Moshi.

Fundi Mstaafu, Houston
Kisongo iko karibu mita 1,390. Unamkimbia fisi unaingia pangoni mwake.

Mangi wa Leicester
Na KIA si ya Moshi wala Arusha, iko Hai. Hili tumelijadili tangu kikundi hiki kianze.

Mzee wa Machame, Leeds
Nasoma nikiwa na blanketi. Nilipanda ndege pale KIA mara ya kwanza mwaka 1978, dirisha la kulia, Kibo nyeupe mpaka mabegani. Desemba hii nilipokwenda kihambani mjukuu ananiuliza, babu, theluji iko upande gani? Tangu 1912 hadi 2007 barafu imepungua asilimia 85. Sisi tuliopanda ndege miaka hamsini kwenda kuzika na kuozesha, nasi tumo, moshi wa ndege hizo ni wetu pia. Sisemi tusiende.

Kijana wa Ngarenaro, Calgary
Mzee shikamoo, lakini moshi huo ni wa wazungu kwanza. Sisi tunapanda mara moja kwa miaka miwili, tena kwa kukopa. Watupe uraia pacha kwanza, hayo ya hewa tutakaa nao.

Dada wa Kibosho, Utrecht
Uraia pacha umeingiaje hapa?

Kijana wa Ngarenaro, Calgary
Unaingia popote, dada.

Mama Junior
Asanteni wote. Karatasi nilisaini, nilidhani ni ya hoteli. Ila jamani, Jumatano ni kesho. Ausländerbehörde?

Mangi wa Leicester
Dada, kwani hiyo hoteli walikupa chakula? Maana mimi mwaka ule walinipa kuponi ya soda.