Nyimbo ya kaseti ya mama: "makonyo waniwekea" maana yake nini hasa?

Binti wa Wete
Assalaam aleikum wanajamvi. Nnaomba msaada kwa wanaojua mafumbo ya taarab ya zamani. Mama yangu ana kaseti ilorikodiwa harusini huku Pemba, miaka ya tisini, haina jina la nyimbo wala la muimbaji, kwenye kikaratasi pameandikwa "harusi" tu. Nlipokuwa mdogo baba akichelewa kurudi basi mama haulizi kitu, anaiweka hiyo kaseti na kuendelea na kazi zake, na baba akiisikia tu anatoka tena anakwenda kukaa barazani. Baadae wakaachana. Juzi nimerikodi upande mmoja kwenye simu na ubeti nnaousikia vizuri ni huu:

*Kalafati umetia, na ngama bado yajaa*
*Kata naikumbatia, nafua sina wasaa*
*Nahodha umetulia, waniuliza dagaa*
*Makonyo waniwekea, karafuu zenda wapi*

Baba alikuwa akisema ati hii nyimbo ya mabaharia tu. Mie nnahisi sivyo. Dagaa ndo nani hapo? Na mbona mwanamke anakiri kwamba mume kalafati katia, si ina maana alijaribu?

Shungi
Dagaa ni huyo mwanamke wa nje shoga, kadogo kasokuwa na maana, taarab ndo zao hizo kumfanya mwenzio samaki.

Mvuvi wa Kojani
Baba yako kasema kweli nusu. Maneno ni ya baharini kweli, lakini mtu wa bahari ndo anaskia uchungu wake zaidi. Ngama ni pale ndani chini kabisa mwa chombo maji yanapokusanyika, na chombo cha mbao lazima kiingize maji kidogo, hilo si ajabu, ndo mana kuna mtu na kata yake ya kuchotea anafua maji. Kalafati ni ile pamba unayoishindilia baina ya mbao na mbao ili maji yasipite. Sasa skiliza, ukishatia kalafati vizuri na ngama bado inajaa ujue tatizo si ule mwanya tena, ni ubao wenyewe umeliwa, na ubao ulooza hata utie pamba ya dunia nzima maji yatapita tu. Kwa hiyo hapo mwanamke hamsifu mume. Anamwambia samahani zako nimeziona, kanga ulizoniletea nimezipokea, lakini palipooza sipo hapo unapopashindilia.

Mama Mkunazini
Mvuvi Mungu akuzidishie, mie miaka yote naskia kalafati sikujua undani wake. Ila kwa dagaa nampinga Shungi. Tazama neno lenyewe, "waniuliza", anayeuliza ni nahodha. Angekuwa dagaa ni hawara basi mume hangemuulizia kwa mkewe. Hapo mwanamke kakumbatia kata usiku kucha chombo kisizame, na bwana kakaa kitako anamuuliza kitoweo kiko wapi! Hajui kama wanazama. Mie nimeolewa miaka 22 na mstari huo umenichoma kuliko yote, maana ugomvi unaumiza lakini yule asojua kama pana ugomvi anaumiza zaidi.

Na taarab tokea enzi za Siti binti Saad, aliyekwenda kurikodi Bombay mwaka 1928, fumbo halitaji mtu. Anayejijua ndo anainuka kwenda kutunza, na ukumbini watu hawamtazami muimbaji, wanatazama nani kainuka na noti na akipita anamtupia nani jicho. Kwa hiyo nyimbo moja watu kumi wanaweza kuitumia kwa mambo kumi. Mama yako alikuwa akitunza peke yake nyumbani, ndo nnavyoona mie.

Mchambuaji
Mmeuacha mstari wa mwisho na ndo wenyewe. Sie tulokulia kwenye majamvi ya karafuu tunajua, zikishachumwa usiku mnakaa kuchambua, karafuu huku na makonyo, yaani vile vijiti vyake, kule, mikono inanata na harufu haitoki hata kwa sabuni. Karafuu ndo za pesa, makonyo bei yake ndogo. Mke anapata mabaki, ya thamani yanakwenda kwengine, na hasemi wapi, anauliza tu. Lakini msiyadharau makonyo, pale Wawi yanatolewa mafuta. Pengine na yeye anajua alichobakiwa nacho bado kina kitu ndani yake.

Shungi
Haya nimekubali kwa dagaa, Mama Mkunazini kanimaliza.

Binti wa Wete
Ahsanteni sana, nimesoma majibu nikalia maana nakumbuka baba akija usiku kweli la kwanza ni "pana chakula?" na mama anainuka anampakulia. Leo nimempigia simu mama nikamsomea aloyasema Mvuvi kuhusu ubao, kanyamaza mpaka nkadhani simu imekatika. Halafu kaniuliza, "kwani upande wa pili hukuuskiliza?" Nikamwambia mkanda unakwama. Akasema huko ndo nahodha anajibu.

Kuna mtu hapa Wete au Chake anayetengeneza kaseti?