Naomba ushauri: tutumie kipimo gani kuamua kama chama cha leo ni cha kifashisti?

Ndugu zangu, ninafundisha historia kidato cha sita, na wanafunzi wangu wameniuliza swali ambalo nimeshindwa kulijibu kwa uhakika: je, chama cha Fratelli d'Italia cha mwanasiasa wa Italia, Giorgia Meloni, ni cha kifashisti? Nimewaeleza kwamba ufashisti wa Mussolini, dikteta wa Italia, haukuwa ukali wa serikali tu, kwani udikteta wa kijeshi nao ni mkali. Ulikuwa na vikosi vya mashati meusi vilivyowapiga na kuwaua wapinzani hata kabla ya kushika madaraka mwaka 1922, ukamtukuza kiongozi kupita kiasi, ukaota kulifufua taifa kwa vita, na mwaka 1926 ukapiga marufuku vyama vingine vyote. Kwa kipimo hicho, Chrysi Avgi, chama cha siasa kali za kulia cha Ugiriki ambacho mwaka 2020 mahakama iliamua kuwa ni genge la uhalifu, kinaingia bila taabu.

Kwa Meloni ndipo ninapokwama. Nembo ya chama chake ina mwali wa moto uliorithiwa kutoka Movimento Sociale Italiano, chama kilichoanzishwa mwaka 1946 na waliokuwa wafuasi wa Mussolini, lakini tangu awe waziri mkuu mwaka 2022 wapinzani wanaendelea kugombea, na mwaka 2024 walishinda uchaguzi wa jimbo la Sardinia. (Wengi hulitumia neno “fashisti” kama tusi tu, jambo linalozidi kunitatiza darasani.)

Naomba mnishauri: tupime asili ya chama au matendo yake? Na je, kukosa vikosi vya mitaani kunatosha kukiondoa chama katika kundi la vyama vya kifashisti?