Luku ya ofisi inaisha fasta, tuanzie wapi?

mdau_posta: Wakuu, ofisini kwetu hapa Dar luku haikai, AC zinawekwa 16 alafu watu wanavaa masweta, printa nayo inakula rimu balaa. Naanzia wapi?

fundi_friji: Anza na AC mkuu. Kuweka 16 hakuharakishi ubaridi, zile AC za kawaida kompresa inasukuma vilevile tu ila haipumziki, weka 24 au 25, osha filta, na fungeni milango jamani mnapoza korido.

dada_stoo: Printa iseti itoe pande mbili yenyewe, usiwaombe watu hawatafanya. Karatasi zilizoharibika andikieni nyuma, ila zenye mishahara chana kwanza 😂

mdau_posta: Shukrani fundi, shida rimoti anayo bosi